Bastola ya kujilinda

Bastola ni silaha fupi ya moto inayoweza kufyatuliwa kwa mkono mmoja. Kuna aina kuu mbili. Yenye silinda inayozunguka kwa kawaida hubeba risasi 5 au 6 na ni rahisi kuitumia. Yenye magazini hujipakia yenyewe, hubeba risasi nyingi zaidi na, kwa kuwa ni bapa, hufichika vizuri chini ya nguo.

Nchini Tanzania, mkazi wa Mbeya au Iringa anayetaka bastola hana budi kupata leseni kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hata mwenye leseni, anapojitetea, huruhusiwa kutumia nguvu ya kadiri tu. Akizidisha, huweza kushtakiwa.