Kigoma hadi Mtwara: ndege, basi au vyote viwili?

Kwa mstari ulionyooka, Kigoma na Mtwara zimeachana kwa kilomita 1,300 hivi. Ndege ya pangaboi aina ya Q400 ingeyakata masafa hayo kwa saa mbili na dakika chache. Hesabu ni sahihi, ila haimsaidii msafiri: ndege ya abiria ya kumtoa Ziwa Tanganyika moja kwa moja hadi Mtwara haipo. Ni lazima apitie Dar es Salaam.

Angani, mzunguko huo si mkubwa. Kigoma–Dar ni kama kilomita 1,080, Dar–Mtwara karibu 400. Jumla haifiki 1,500. Muda wa kuruka ni kama saa tatu. Kinachokula siku ni kusubiri Dar. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli, uliza ndege ya pili inaondoka saa ngapi. Ikiwa ni kesho yake, jumlisha chumba, chakula na teksi, kisha ndiyo ulinganishe. Na ukikata tiketi mbili za mashirika tofauti kwa kufuata unafuu, ujue kwamba ya kwanza ikichelewa, hasara ya ya pili ni yako. Tiketi moja ya safari nzima ina thamani hata ikizidi bei kidogo.

Barabarani, kupitia Tabora na Dodoma, tuseme kilomita 1,800. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, vya Desemba 2023, yaani shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida na 67.84 daraja la kati, nauli inakuja kama 87,000 au 122,000. Kwa mwendo wa juu wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa 22 bila hata kusimama kula. Kuna wanaodhani njia ya kusini, Mpanda, Mbeya, Songea hadi Masasi, ni mkato. Inakaribia kilomita 2,000! Ifuate kama una ndugu wa kumsalimia Songea.

Tangu 2024 kuna jambo jipya: ukishuka basi Dodoma, treni ya reli ya kisasa (SGR) inakufikisha Dar kwa saa nne hivi, na mgongo unapumzika.

Mizigo nayo ina hesabu yake. Mwenye magunia ya dagaa na madumu ya mawese asijisumbue na ndege. Kilo za ziada zitameza faida yote. Huyo basi ndilo lake.

Kwa asiye na mzigo, mimi ningegawa safari. Pesa ya ndege ningeitumia Kigoma–Dar, maana hapo inaokoa zaidi ya siku nzima ya barabara. Dar–Mtwara, kilomita 560 hivi za lami, basi la asubuhi kwa 27,000 au 38,000 linatosha, nawe unafika siku hiyohiyo. Isipokuwa masika. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara hiyo eneo la Somanga na magari yakakwama. Kuanzia Machi hadi Mei, ulizia hali ya barabara kwanza, na nauli ya ndege ya Mtwara iwe mfukoni.