Siku Isiyo na Mgogoro

Mpe mwanafunzi wa fasihi riwaya yoyote, swali lake la kwanza ni lilelile: mgogoro uko wapi? Ndivyo tulivyofundishwa, na si vibaya. Lakini swali hili likizoeleka mno hutufanya tuione siku ya kawaida, ya kukaa tu nyumbani na jamaa, kuwa si kitu. Makala hii inajaribu kueleza kwa nini siku kama hiyo huweza kumridhisha mtu, na kwa nini tunaionea aibu.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anamrudisha nyumbani likizo mwanafunzi wa chuo kikuu, Kazimoto. Je, anapumzika? Wapi! Kila anachokiona anakipima kwa akili yake ya shule, na maisha yanamshinda. Mwisho anajiua. Msomi huyu hana uwezo wa kukaa tu.

Nami nilikwenda likizo kwetu Songea mwezi wa Julai, riwaya hiyohiyo ikiwa mkobani, na insha ya kuandika. Julai Songea ni baridi kweli. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshika milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, na sikutaka kuondoka motoni. Kitabu sikukifungua. Mama na dada walikuwa wanapukuchua mahindi, bibi anaota moto, baba kakaa na redio yake isiyoshika vizuri. Basi nikakaa. Tukala viazi vitamu. Jioni ikaingia. Nilipolala nilijiona nimeridhika, na papo hapo aibu ikanishika: siku nzima, umefanya nini?

Aibu hiyo ina historia. Methali zinatuonya mapema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tena mkoa wetu una yake. Huko Litowa, wilaya ya Songea, wakulima walianza kuishi na kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakatazamwa kama mfano wa ujamaa, hata chama cha vijiji vyao kilipovunjwa kwa uamuzi wa TANU mwaka 1969. Azimio la Arusha la 1967 nalo lilisema wazi kuwa mzizi wa maendeleo ni juhudi ya kazi. Wazazi wetu walikulia katika lugha hiyo, wakatulea nayo.

Lakini Azimio hilohilo lilisema na jambo jingine: kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, ilhali wanaume wa huko wako likizo nusu ya maisha yao. Hapo ndipo nilipokwama. Siku niliyoiita ya bure ilikuwa ya bure kwangu na kwa baba. Mama alichota maji, akapika mara mbili, akapukuchua karibu gunia. Mbona yeye hakuna aliyemwuliza amefanya nini?

Kesho yake nikasogea kwenye mkeka. Mama akacheka, "Mwanangu, vidole vya chuo hivyo vitachubuka." Vikachubuka kweli. Bibi akaanza vituko vya marehemu babu, dada akamsahihisha, baba akazima redio ili asikie. Kuridhika kwa jana hakukupungua, kuliongezeka. Kwa nini? Jana nilikuwa mgeni wa kuhudumiwa. Leo mikono ilikuwa na shughuli isiyodai akili yote, hivyo masikio na ulimi vilikuwa huru. Fasihi simulizi yetu nyingi imekulia katika hali hiyohiyo: nyimbo za kutwanga, nyimbo za kulima, hadithi za jioni motoni.

Kwa maoni yangu basi, kuridhika huku hakuletwi na kutofanya kitu. Kunaletwa na kutodaiwa kitu cha kuonyesha. Mtunzi atakayeiandika siku ya namna hii asisahau kutuambia chakula kilitoka wapi. Na sisi wahakiki, pamoja na kuuliza mgogoro uko wapi, tuulize pia: nani kapumzika, na nani kampumzisha?

Insha niliimaliza wiki iliyofuata. Maksi zake si za kujivunia, lakini mahindi yote yaliingia ghalani.