Mbele ya Kununua Ordinatere, Andika Kwanza Kazi Yake



Kila mara mutu anapata feza yake ya kwanza ya kazi, ao familia inachanga ili anunue ordinatere, ulizo linakuya lilelile: "Yaya, nikamate i5 ao i7? Na karte ya grafiki je?" Mimi ni agronome, siko fundi wa informatike. Lakini leo jembe peke yake haitoshi. Tunachora ramani ya mashamba, tunasoma picha za satelite, na bandugu bajeolojia benye baliingia mu makampuni ya shaba banashinda siku nzima mbele ya michoro ya 3D. Mashine ikikwama siku ya kutoa ripoti, soko inaenda kwa mwingine. Njo maana ninaandika.

Usianze na mashine, anza na programu. Kamata karatasi, andika programu mbili ao tatu zenye utatumia kila siku. Kiisha uliza: hizi programu zinatuma kazi kwa nani, kwa prosesere ao kwa karte ya grafiki? Vile vitu viwili havifanye kazi moja. Prosesere ni kama bafanyakazi bane ao sita benye ujuzi mu shamba. Banaweza kazi yoyote, hata ile ngumu yenye lazima hatua ya kwanza iishe ndipo ya pili ianze. Karte ya grafiki ni kama salongo ya batu mia na mia, kila mutu na jembe yake: ukibapa kazi moja nyepesi ya kurudilia, banaimaliza mbiyombiyo. Ukibapa kazi ya hatua kwa hatua, mumoja analima, bengine bote banakaa chini ya muembe.

Twende ku mufano wa kwetu. Picha moja ya satelite Sentinel-2 iko na nukta 10.980 kwa 10.980, ni kusema karibu milioni 120, na kila nukta ni metre 10 za udongo. Ukitaka kujua mahindi iko kijani namna gani, mu QGIS unakamata mwangaza wa infraruji, unatosha ule mwekundu, unagawanya kwa jumla yao. Ni hesabu ya shule ya sekondere, na prosesere ya kawaida inaimaliza bila jasho. Chenye kinachelewesha ni kusoma fishie nzito ku diski. Kwa hiyo agronome wa ramani aweke feza mu diski ya SSD na mu memuari ya RAM ya 16 GB (siyo memuari ya masomo, ile haisaidie hapa). Karte ya grafiki yenye iko ndani ya prosesere inamutosha. Na mwenye kutumia Google Earth Engine, hesabu inafanyika ku mashine za Google. Yeye anaomba tu intaneti isikatike.

Mambo inageuka kama unapiga picha na droni. Picha mia tano za shamba moja, programu kama Metashape inazilinganisha nukta kwa nukta, na hapo salongo njo inahitajika. Na bajeolojia benye kuzungusha miamba mu Leapfrog, ni vile vile. Hao, karte ya NVIDIA ya peke yake inabalipa.

Sasa mitego. Kwanza, ile etiketi ya i7. Mu ma-laptop ya okazioni yenye inafika hapa, i7-7500U ya mwaka 2016 iko na kere mbili, ni kusema bafanyakazi babili tu. i5-8250U ya 2017 iko na kere ine. Ile "ndogo" inashinda ile "kubwa", na mara mingi bei yake iko chini. Soma namba yenye inafwata mustari: 7 ni kizazi cha saba, 8 ni cha nane. Tena Windows 11 inakatala karibu prosesere zote za Intel za mbele ya kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa bila msaada tangu 14 Oktoba 2025.

Herufi ya mwisho nayo inasema. U ni ya kulinda batri, H ni ya nguvu. Kama unajenga mashine ya mezani, F inamaanisha hakuna grafiki ndani: ukinunua i5-12400F bila karte, ekrani itabakia nyeusi. Ryzen 5 5600G iko na kere sita na grafiki yake ndani, inaomba wati 65. Kwa mwenye kuanza, mimi ningesimama hapo; karte ataongeza kiisha kulipwa soko ya kwanza.

Mutego mwingine ni karte yenyewe. Kuko karte za zamani zenye batu banabadilisha jina ndani ili zijitambulishe kuwa mupya. Programu ya bure GPU-Z inazifichua: inaandika FAKE mbele ya jina. Kuko tena zile zilichimba Ethereum usiku na mchana mpaka Septemba 2022. Zingine zinaishi vizuri, lakini angalia vantilatere mbele ya kulipa.

Na umeme, bandugu. Nzilo na Nseke ziko hapa karibu, laini ya Inga inafika Kolwezi tangu miaka ya 1980, lakini mu nyumba za Manika tunajua vile tunaishi. Piga hesabu. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100, ukiitumia nusu ili isife, inatoa kama wati-saa 500 kiisha hasara. Laptop ya wati 50 itafanya saa kumi. Mashine ya mezani yenye RTX 3060, karte peke yake inaomba mpaka wati 170. Yote pamoja ni kama 300, batri haitafikisha saa mbili. GTX 1650 inaomba 75 tu, na iko na GB 4: kwa droni za mashamba madogo, ni mapatano mazuri.

Siku ya kununua, beba kle USB yenye kazi yako mwenyewe: mradi wa QGIS, ao picha hamsini za droni. Fungua ku ile mashine palepale mu duka, kura ya ukuta ikiwa imetolewa, uone batri nayo inasema nini. Muuzaji akikatala, muage kwa heshima, uende ku duka ya pili.