Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Mezani kwa Bajeti Ndogo

Baada ya kusoma mada hii, uweze:
(a) kueleza vipuri vikuu vya kompyuta ya mezani na namna vinavyotegemeana;
(b) kuchagua vipuri vinavyolingana na kazi na fedha iliyopo;
(c) kutoa sababu ya kila chaguo.

Utangulizi

Maswali ya mada hii mara nyingi huja kwa namna ya hali halisi: mtu fulani ana kiasi fulani cha fedha, anataka kompyuta ya kazi fulani, mshauri. Wanafunzi wengi hujibu kwa kutaja kazi ya kila kipuri: prosesa huchakata data, RAM hutunza data kwa muda, na kadhalika. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayajibu swali. Swali linataka uchague na useme kwa nini.

Tena mada hii haiishii kwenye chumba cha mtihani. Ukishamaliza kidato cha nne, wewe ndiye utakayeulizwa nyumbani, "Si umesoma kompyuta? Tuambie tununue ipi." Fedha itakayotolewa hapo huenda ni ya mavuno au ya mchezo wa kikundi, na vipuri vikishafunguliwa maduka mengi hayavirudishi.

Kanuni ya kushika ni moja: kwanza kazi, pili kulingana kwa vipuri, mwisho bei. Anayeanza na bei hununua mara mbili.

1. Anza na kazi

Andika kazi ambazo kompyuta itafanya. Kuchapa barua, kujaza maombi ya vyuo kwenye mtandao na kutoa kopi ni kazi nyepesi. Kuhariri video au kucheza michezo mikubwa ya kompyuta ni kazi nzito. Kazi nyepesi haihitaji kadi ya michoro ya kujitegemea, na hapo tu umeokoa fedha nyingi.

2. Prosesa

Kwa kazi za ofisi na masomo, prosesa yenye viini 4 inatosha. Angalia mambo mawili.

*Je, ina michoro ndani yake?* Prosesa nyingi za Intel zinaweza kutoa picha kwenye skrini bila kadi ya michoro, lakini zile ambazo jina lake lina herufi F mwishoni, kama Core i3-12100F, haziwezi. Kwa AMD, Ryzen 5 5600G ina michoro, Ryzen 5 5600 haina. Herufi moja inaweza kukuachia kompyuta inayowaka huku skrini ikibaki nyeusi.

*Inakaa kwenye soketi gani?* Core i3-10100 hukaa kwenye soketi ya LGA1200. Core i3-12100 hukaa kwenye LGA1700. Zote ni i3 na zote zina viini 4, lakini huwezi kuitoa moja ukaiweka nyingine mahali pake. Usinunue kwa jina "i3" pekee. Soma namba yote.

3. Ubao mama

Hiki ndicho kipuri ambacho vingine vyote huchomekwa juu yake. Mafundi hukiita mazabodi. Ubao mama ndio unaoamua prosesa ipi ikae, RAM ya aina gani iingie na diski ngapi ziungwe. Kwa bajeti ndogo, hakikisha una:

(i) soketi inayolingana na prosesa yako;
(ii) angalau nafasi mbili za RAM;
(iii) tundu la skrini linalolingana na skrini uliyonayo, yaani HDMI au VGA.

Huna haja ya kulipia taa za rangi wala nafasi nyingi za kadi ambazo hutazitumia.

4. RAM

Tofautisha *kiasi* na *aina*. Kiasi hupimwa kwa GB. Leo GB 4 huifanya kompyuta isuesue ukifungua kurasa chache za mtandao, kwa hiyo GB 8 ndiyo ianzie. Aina ni DDR3, DDR4 au DDR5. Kila aina ina mkato wake mahali tofauti, hivyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Soketi ya AM4 ya AMD hutumia DDR4, na AM5 hutumia DDR5 tu. Kwa LGA1700 zipo mbao mama za DDR4 na zipo za DDR5, kwa hiyo soma maelezo ya ubao wenyewe.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua vipande vinne vya RAM kwa ajili ya maabara ya shule bila kufungua kompyuta kwanza. Vilikuwa DDR3, mbao mama zilikuwa za DDR4. Muuzaji alikataa kuvirudisha, na muhula mzima wanafunzi waliendelea kukaa watatu watatu kwenye kompyuta moja. Tangu siku hiyo nafungua kasha kwanza, ndipo naenda dukani.

Kuhusu idadi ya vipande: vipande viwili vya GB 4 hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 8, hasa kama michoro imo ndani ya prosesa. Lakini kwenye ubao wenye nafasi mbili, kipande kimoja cha GB 8 kinakuachia nafasi ya kuongeza kingine baadaye. Majibu yote mawili yanakubalika ukitoa sababu.

5. Hifadhi

Diski ya sumaku ina sahani zinazozunguka, na husoma data kwa takribani MB 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya SATA haina kitu kinachozunguka, na hufika takribani MB 550 kwa sekunde. SSD ya NVMe huweza kupita MB 3,000 kwa sekunde. Kwa mtumiaji wa kawaida, hatua kubwa ni kutoka diski ya sumaku kwenda SSD yoyote: kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa dakika nzima huwaka kwa sekunde chache.

Ikiwa fedha ni kidogo, chagua SSD ya GB 256 badala ya diski ya sumaku ya TB 1. Anayehifadhi video nyingi anaweza kuongeza diski ya sumaku baadaye. Angalizo: M.2 ni jina la umbo, si la kasi. SSD yenye umbo la M.2 inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe.

6. Pawasaplai

Hapa ndipo wengi hubania, na hapa ndipo kompyuta nyingi hufia. Pawasaplai hupokea umeme wa nyumbani, ambao Tanzania ni volti 230, na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3 kwa ajili ya vipuri. Ikiharibika vibaya inaweza kuondoka na ubao mama pamoja na diski yenye kazi zako zote.

Kadiria mahitaji kwa hesabu. Tuchukulie prosesa inatumia wati 65, na ubao mama, RAM, SSD na feni kwa pamoja wati 60. Jumla ni wati 125. Pawasaplai ya kweli ya wati 400 inatosha na kuzidi. Nasema "ya kweli" kwa sababu zipo zilizoandikwa wati kubwa kwenye karatasi lakini ni nyepesi mkononi na hazina alama yoyote ya ubora. Alama ya 80 PLUS huonyesha kuwa pawasaplai imepimwa na inapoteza umeme kidogo kwa njia ya joto.

Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu, itaungua. Tazama swichi hiyo kabla ya kuchomeka waya.

7. Vipuri vya mtumba

Prosesa na RAM za mtumba kwa kawaida hazina hatari kubwa, kwa kuwa hazichakai upesi. Pawasaplai na diski nunua mpya. Ukinunua kompyuta nzima ya mtumba iliyotoka ofisini, kumbuka kuwa nyingi hutumia pawasaplai na mbao mama za umbo la kampuni yake pekee, hivyo vipuri vya kawaida vinaweza kukataa kuingia.

Uliza pia umri wake. Windows 11 inahitaji TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyokubali Windows 11 bado inaweza kutumia Linux, mfano Ubuntu, ambayo ni ya bure.

Mfano wa swali

*Mama mdogo wako anafungua steshenari ya kuchapa na kujaza maombi ya mtandaoni. Ana skrini, kibodi na kipanya. Ana shilingi 700,000. Fundi amempa orodha mbili. Mshauri.* (Bei ni za zoezi tu.)

Orodha A: prosesa ya viini 8 isiyo na michoro 330,000, ubao mama 150,000, RAM GB 4 35,000, diski ya sumaku TB 1 100,000, pawasaplai isiyo na alama 30,000, kasha 45,000. Jumla 690,000.

Orodha B: prosesa ya viini 4 yenye michoro 220,000; ubao mama 160,000; RAM GB 8 70,000; SSD GB 256 80,000; pawasaplai yenye alama ya 80 PLUS 100,000; kasha 45,000. Jumla 675,000.

Jibu. Achague B. Kwanza, A haitaonyesha picha mpaka inunuliwe kadi ya michoro, na zimebaki shilingi 10,000 tu. Pili, viini 8 havina kazi kwenye kuchapa, wakati RAM ya GB 4 na diski ya sumaku vitamchelewesha mteja aliyesimama dirishani. Tatu, pawasaplai ya A inahatarisha vipuri vingine vyote. Shilingi 25,000 zinazobaki kwenye B zisaidie kununua kifaa cha kukinga umeme unaoruka.

Kabla ya kulipa, athibitishe kuwa soketi ya prosesa na aina ya RAM vinalingana na ubao mama.

Maswali ya kujipima

1. Juma ana ubao mama wa LGA1200 na anataka kununua Core i3-12100. Mweleze tatizo.
2. Toa sababu mbili za kuchagua SSD ya GB 256 badala ya diski ya sumaku ya TB 1 kwa kompyuta ya ofisi.
3. Kompyuta hutumia wastani wa wati 100, saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Itatumia uniti ngapi za umeme?
4. "Kubania pawasaplai ni kuweka akiba." Jadili.

Vidokezo vya majibu

1. Prosesa hiyo hukaa kwenye LGA1700. Abadilishe ubao mama au anunue prosesa ya LGA1200, kama Core i3-10100.
2. Kasi ya kuwaka na kufungua programu. Kutokuwa na sehemu zinazozunguka, hivyo kustahimili mitikisiko.
3. 0.1 × 8 × 26 = uniti 20.8.
4. Si akiba. Linganisha kiasi kilichookolewa na thamani ya vipuri na kazi zinazoweza kupotea pawasaplai ikiungua.