Chai Baadaye, Ndimu Sasa: Kula Vyema Katika Nyumba Yenye Shughuli Nyingi

Mwezi huu ukurasa wa familia unaingia jikoni, na naanza na jiko langu mwenyewe.

Nyumbani kwetu tuko watu wanane. Mimi hufundisha watoto wadogo asubuhi, baba watoto anasukuma mkokoteni sokoni, watoto wako shule, na mama mkwe, ambaye sote twamwita Bibi, ndiye anayebaki na yule mdogo. Foleni ya maji ipo, foleni ya mgao ipo, kuni pia zataka mtu. Basi kwa miaka mingi chakula chetu kilikuwa kile kile: asubuhi chai ya rangi yenye sukari tele na mandazi ya kununua, jioni ugali na maharagwe, na tonge la mwisho halijashuka, chai tena. Tulikuwa tukishiba, tukadhani tunakula vizuri.

Halafu binti yetu wa miaka 11 akaanza kuchoka. Akirudi shule ni kulala tu. Viganja na midomo vikapauka. Tulipompeleka zahanati akapimwa, kumbe damu imepungua. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, na muuguzi akaniuliza swali moja: "Mama, akila huyu anakunywa nini?" Nikamwambia, chai. Akanieleza kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga. Yaani maharagwe tuliyahangaikia kuyapika, halafu chai ikayaharibia kazi.

Bibi alivyotukumbusha

Tuliporudi nyumbani Bibi alisikiliza, akacheka kidogo. Yeye ni mzaliwa wa Chula. Kwa msomaji asiyetujua, sisi Wabajuni ni watu wa visiwa na pwani ya Kismayu: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, hadi Burgavo na kuendelea upande wa Kiunga. Vita vya 1991 vilitutoa huko kwa mashua, tukaja Lamu na Mombasa. Kambi ya Jomvu ilipofungwa mwaka 1997, baadhi yetu tukaishia huku Kakuma, mbali kabisa na bahari.

Bibi akasema, kwani huko kwetu tulikuwa matajiri? Hapana. Lakini chunguni mlikuwa na samaki, mtama ulilimwa bara, kunde zililiwa pamoja na majani yake, na ndimu haikukosa kando ya mchuzi. Tena kulikuwa na miezi ya kusi, bahari ikichafuka na mashua hazitoki. Watu waliishi kwa ng'onda na papa mkavu waliowekwa akiba. Kwa hivyo shida ya chakula tunaijua toka zamani, na dawa yake ilikuwa kutayarisha mapema.

Maneno hayo yalinigusa. Wengi mnakumbuka kwamba hapa hapa Kakuma, mwaka 2017 na 2018, baadhi ya vijana walipatwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Unga, maharagwe na mafuta havina vitamini hiyo ya kutosha. Tumbo laweza kujaa na mwili ukawa bado una njaa.

Tulianza na jambo moja moja

Hatukubadilisha kila kitu siku moja. Nani ana nafasi hiyo? Tuliongeza jambo moja kila baada ya wiki mbili.

Kwanza, chai. Tuliisogeza, sasa hunywewa saa moja au mbili baada ya kula. Hapo baba watoto alinung'unika: "Mke wangu, hata chai mwaninyima?" Bibi akamjibu, "Mwanangu, hukunyimwa. Imesogezwa mbele tu." Akanyamaza. Sukari nayo tulipunguza kijiko kimoja kimoja, mpaka ulimi ukazoea.

Pili, maharagwe. Usiku kabla ya kulala mtoto mmoja huyaloweka, asubuhi Bibi huyamwaga maji yale na kuyaosha. Yanaiva upesi, kuni zinapungua, na tumbo halijai gesi.

Tatu, dagaa. Hii ndiyo ng'onda yetu ya huku. Siku isiyo na kazi tunawachambua, tunawaosha, tunawaanika mpaka wakauke kabisa, tunawakaanga bila mafuta na kuwatwanga. Unga wake tunautia kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Jioni nikirudi nimechoka, vijiko viwili vikitiwa kwenye maharagwe mchuzi umekuwa mchuzi. Hata mtoto aliyepita miezi 6 na kuanza kula, huwekewa kidogo kwenye uji, huku akiendelea kunyonya.

Nne, ndimu. Moto huharibu vitamini C, kwa hivyo kamua ndimu baada ya kuipua sufuria, au kwenye sahani. Ndimu pia husaidia mwili kuchukua yale madini ya chuma. Yaani inafanya kinyume cha chai.

Tano, gunia la mboga. Jaza gunia udongo na samadi, katikati simamisha nguzo ya kokoto ili maji yashuke mpaka chini, toboa ubavuni, panda sukuma wiki au mchicha. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanatosha kunyweshea. Watoto ndio wenye kazi hiyo, na kila mmoja ana upande wake wa gunia. Utashangaa, mtoto aliyekataa mboga atakula aliyoipanda mwenyewe.

Pesa zilitoka wapi? Mandazi ya kununua tuliyapunguza, yakawa ya Ijumaa tu. Pesa za siku nyingine zikanunua dagaa na ndimu. Asubuhi sasa ni uji.

Tusidanganyane

Najua kuna msomaji atakayesema, "Dada, mimi hata hayo maharagwe sina." Ni kweli. Mwaka 2025 mgao ulikatwa vibaya kwa kukosa fedha, na maneno ya gazeti hayajazi sufuria. Ukiona mtoto anakonda, anavimba miguu au hataki kucheza, usingoje. Mpeleke zahanati apimwe mkono na uzito. Kuomba msaada mapema si aibu.

Binti yetu alipopimwa tena baada ya miezi mitatu, damu ilikuwa imepanda. Vidonge ndivyo vilivyofanya kazi kubwa, sitasema uongo. Lakini vidonge vimekwisha, na hivi vyakula tunaendelea navyo. Jana alirudi shule, akatupa mkoba, akatoka mbio kucheza kamba. Bibi akaniangalia tu.

Ya kukumbuka jikoni

– Chai isinywewe na chakula. Subiri saa moja au zaidi.
– Maharagwe yaloweke usiku.
– Ndimu itiwe baada ya kuipua.
– Mafuta ya mgao yafunikwe na yakae kivulini, maana jua huharibu vitamini A iliyomo.
– Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku, na mkebe wake ufunikwe.

Chagua moja tu, uanze nalo wiki hii. Tukijaliwa, tukutane mwezi ujao.