Tarakimu Nyekundu Kwenye Simu Inahesabu Nini?

Miongoni mwa wanafunzi wangu wamo wanaoishi Raila, kijiji cha Kibera kilichopewa jina la Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata tangu mwaka wa 1992 hadi 2013. Hao ndio wanaoniletea malalamiko kwamba programu ya baruapepe katika simu zao haijui kuhesabu. Mmoja huonyeshwa kwamba barua 3 hazijasomwa ilhali kasha lake halina hata moja mpya. Mwingine haonyeshwi chochote, kumbe barua ya kumwita kwenye mahojiano ya ufadhili imelala humo hadi siku ikapita.

Kosa la kwanza ni kero tu. Hili la pili laweza kumpotezea kijana mwaka mzima, maana maombi ya mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu siku hizi hufanywa kwa mtandao, na vyuo navyo huwaandikia wanafunzi kwa baruapepe. Ajabu ni kwamba kila mtu huitilia shaka tarakimu inapozidi, lakini hakuna anayeishuku inapokosekana.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. "Haijasomwa" si sawa na "haikusomwa". Kiambishi -ja- hubeba matarajio: jambo halijatendeka, lakini lingali linangojewa. Aliyeona neno hilo hudhani kwamba simu inajua kama amesoma au la. La hasha! Simu inajua alama tu. Katika utaratibu uitwao IMAP, ambao Mark Crispin aliubuni katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 1986, barua hukaa kwenye seva, na kila moja huweza kutiwa alama ambayo jina lake ni la kuona wala si la kusoma. Barua ikifunguliwa na yeyote, kwa chombo chochote, alama hutiwa. Sasa fikiria nyumba ambamo ndugu wawili wanatumia simu moja, na akaunti ya mkubwa hufunguliwa leo kwenye simu, kesho kwenye kompyuta ya saiba. Mdogo mtu akiigusa barua kwa udadisi tu, imekwisha "kusomwa", na mwenyewe hana habari.

Simu nayo ina daftari lake la hesabu. Bando likiisha, au data ikizimwa ili kubana matumizi, daftari hilo huacha kupatana na lile la seva, na tarakimu ya juzi hubaki kwenye kioo.

Lipo tatizo jingine linalonihusu zaidi kitaaluma: tarakimu haina ngeli. Tungesema "mazungumzo matatu" au "barua tatu", upatanisho wa kisarufi ungetujulisha kilichohesabiwa. Alama "3" haisemi. Programu moja huhesabu mazungumzo, hata kama kila moja lina barua tano ndani yake; nyingine huhesabu kila barua. Na katika simu nyingi za Android, tangu toleo la 8.0 la mwaka wa 2017, kitone kilicho juu ya programu hufuata arifa, si barua. Ukiifuta arifa kwa kidole, kitone hutoweka na barua ikabaki palepale.

Mwenye tatizo hili na atazame kwanza kama simu ina akaunti zaidi ya moja. Kisha apekue makasha mengine, hasa la barua taka na la matangazo, kwa kuwa barua zinazohesabiwa bila kuonekana aghalabu hujificha humo. Anayetumia Gmail aandike is:unread kwenye sehemu ya kutafutia. Hapo data ikiwa imewashwa, avute orodha chini kwa kidole ili isasishwe. Hesabu ikikataa kurekebika, aingie kwenye mipangilio ya simu, afute akiba ya muda ya programu hiyo. Kuiondoa akaunti na kuirudisha ni dawa ya mwisho, tena kali: asiyekumbuka nywila yake, na ambaye laini aliyoisajilia akaunti ilikwisha kupotea, anaweza kujifungia nje kabisa. Huyo heri avumilie tarakimu ya uongo.

Walimu wenzangu tuwafundishe vijana kufungua kasha lenyewe kila siku wanapongojea jibu, hata kama kioo hakionyeshi kitu. Nazo taasisi zinazowapa siku tatu za kujibu, kisha zikadai kwamba "barua ilitumwa", zingeongeza ujumbe mfupi wa simu, ambao humfikia hata asiye na bando. Kutuma ni kitenzi cha mtumaji, na taasisi hizo hukitumia kana kwamba maana yake ni kupokea.