Kamba ya Mpimaji

Ukishuka daladala Butimba, jijini Mwanza, ukaiacha lami ya Barabara ya Kenyatta na kuanza kupanda kilima, kuna mahali miguu itakuambia kwamba mtaa umekwisha, ingawa nyumba bado zinaendelea. Chini kidogo njia ilikuwa imenyooka, gari linapita. Hatua chache juu yake inapinda kulikwepa jiwe, inabanwa kati ya ukuta wa huyu na choo cha yule, kisha inageuka ngazi. Tofali ni zilezile, bati ni lilelile, pengine hata fundi ni yuleyule. Tofauti ni kwamba kule chini kamba ya mpimaji ilitangulia, na huku juu nyumba ndizo zilizotangulia.

Nafanya kazi ya mipangomiji, na ningependa msomaji aliyezoea kutazama nyumba aanze kutazama ile nafasi iliyo kati ya nyumba. Hiyo ndiyo ngumu kuipata. Nyumba mbovu hubomolewa ikajengwa nyingine kiwanja kilekile, lakini njia iliyokwisha kumezwa hairudi bila mtu kuvunjiwa kwake.

Berlin inalionyesha hili vizuri kuliko mji wowote ninaoujua. Mwaka 1862 mhandisi James Hobrecht alikamilisha mchoro wa barabara uliopita juu ya mashamba yaliyouzunguka mji huo. Alichora barabara pana na vitalu vikubwa, na yaliyomo ndani ya vitalu akawaachia wenye viwanja. Hawakumwonea mtu huruma. Mbele, kando ya barabara, waliweka ghorofa yenye sura nzuri kwa wapangaji wenye uwezo; nyuma yake wakaacha ua mdogo, kisha jengo jingine, ua mwingine, jengo jingine tena. Sheria ya ujenzi ya 1853 ilidai ua wa mita 5.34 tu kila upande, kiasi mkokoteni wa zimamoto uweze kugeuka. Familia za wafanyakazi wa viwandani zilirundikana humo, vyumba vya nyuma vikiliona jua kwa taabu. Uovu huo usifichwe. Hata hivyo barabara zilikuwepo. Baadaye mabomba ya majitaka yalipita humo, tramu zikapita, miti ikapandwa, na karne iliyofuata majengo mengi ya nyuma yakaondolewa ili nyua zipate hewa. Kosa la ndani ya kitalu lilirekebishika kwa sababu nje palikuwa na pa kusimama.

Wajerumani, wenye Berlin hiyo, ndio walioweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Lakini waliposhika kamba katika koloni lao, waliivuta kwa kubagua. Kanuni ya ujenzi ya Dar es Salaam ya 1891 iliugawa mji kwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa kila eneo, na aina ya nyumba ikawa njia ya kusema rangi ya mtu. Waingereza wakaendeleza, nasi tukabaki na maneno uzunguni, uhindini na uswahilini. Mwanza, Capri Point ilipata upepo wa ziwa na viwanja vikubwa. Baada ya Uhuru maneno ya ofisini yalibadilika yakawa msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Bikoni za viwanja hazikuhama.

Na uswahilini kulikuja nyumba ambayo mimi naiheshimu sana. Wasukuma walijenga msonge, nyumba ya duara ambayo bado unaweza kuiona katika makumbusho ya Bujora. Nyumba ya Kiswahili ilitoka pwani, ikafuata njia za misafara na biashara hadi bara. Mlango uko katikati, korido inapenya hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Jiko, choo na bafu viko nyuma, kibaraza mbele. Ni mchoro wa akili sana kwa mtu asiye na mkopo. Unaanza na vyumba viwili, unaezeka, unampangisha mmoja, na kodi yake inanunua tofali za cha tatu. Ikija shida unabaki na chumba kimoja na vingine unapangisha. Hapa kwetu jiwe limeibadilisha kidogo: msingi wa mbele una urefu wa goti, ule wa nyuma unampita mtu kimo, umejazwa mawe yaliyopasuliwa palepale kiwanjani.

Siku hizi chumba cha mbele kimegeuka fremu ya duka, kibaraza kimezibwa kwa grili, na anayejenga upya anataka paa la kujificha na ukuta wenye geti. Fremu sina neno nazo, zinalisha watu. Ukuta ndio unaoniuma. Kila anayejenga fensi kwenye njia isiyopimwa husogea nusu hatua, jirani wa mbele naye vivyo hivyo, na kufikia mwaka wa tatu bajaji haipiti.

Tulishawahi kufanya vizuri zaidi. Kuanzia miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja katika miji saba, Mwanza ikiwemo. Katika maeneo mapya ilitangulia kuweka barabara na maji, kisha ikawaachia watu wajenge wenyewe kwa uwezo wao. Watafiti wa uchumi waliyatazama maeneo hayo miongo kadhaa baadaye, pia kwa picha za setilaiti, wakakuta nyumba kubwa zaidi, zilizojipanga, na zenye huduma bora kuliko maeneo ya jirani. Serikali haikujenga nyumba hizo. Ilivuta kamba mapema.

Milimani tumechelewa, na bado kuna la kufanya. Igogo na Mabatini mamlaka ya maji, MWAUWASA, ilipitisha mabomba membamba ya majitaka, yaliyofukiwa kina kifupi, yakifuata vichochoro vilevile ambavyo gari haliwezi kuingia. Butimba yenyewe sasa ina chanzo cha maji cha lita milioni 48 kwa siku. Maji hayo yakipandishwa mlimani yatahitaji pa kupita yakishuka. Mwaka 2022, katika zoezi la anwani za makazi, hata njia za miguu zilipewa majina na vibao. Kwangu hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa njia yenye jina ina wa kuitetea.

Jioni moja, huko juu, nilikuta mawe ya msingi yamerundikwa kwenye kiwanja kinachokatwa na njia ya watoto wa shule. Mwenye kiwanja alikuwepo, na mwenyekiti wa mtaa, na majirani kadhaa, wakibishana upana wa kuacha. Mzee mmoja akawapanga vijana wanne, wawili huku na wawili kule, mikono mabegani kama waliobeba jeneza, akawaambia wapite na kukata kona. Wa kulia akagonga rundo la mawe. Mwenye kiwanja akainama, akang'oa kigingi chake, akakisogeza ndani.